Mfuko wa kupimia damu leba, nimeutumia na nawapa ukweli

Mimi ni mkunga, na kabla ya hii kitu tulikuwa tunakadiria damu kwa macho tu, yaani unaangalia kanga imelowa kiasi gani unasema aah kama mia tatu hivi, kumbe mama wa watu ameshapita nusu lita. Huu mfuko ni plastiki ya kuonyesha, unautandika chini ya mama mtoto akishatoka tu, damu inashukia humo na kuna mistari, wa mililita 300 na wa 500. Ikigusa 500 hakuna mjadala, unakanda tumbo, dawa ya kukaza kizazi, traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda), dripu, unakagua kama kachanika, vyote kwa mpigo, sio unangoja kimoja kishindwe.

Na sio maneno ya muuzaji jamani. Utafiti wa E-MOTIVE, uliopima huu mfuko pamoja na hizo hatua za mpigo, ulifanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, hospitali 80, wanawake zaidi ya laki mbili, majibu yalitoka 2023, kutokwa damu nyingi kupindukia kulishuka kwa asilimia 60. Ila hela ilitoka Gates Foundation, shirika la misaada la Bill Gates, sasa najiuliza wizara zetu zinatenga ngapi kwa tafiti za akina mama.

Kasoro: ni wa kutumia mara moja, ukiisha stoo ndo basi. Juzi hapa tulikaa wiki nzima bila, tukarudi kwenye kanga.

Nyota nne, ya tano mpaka uwekewe fungu lake kwenye bajeti.