DJ wa duka la muvi Kirumba amemgeuza mpiga wanawake kuwa shujaa

Kama una binti nyumbani na unataka aangalie muvi itakayomfungua macho kuhusu wanaume, usimchukulie ya kutafsiriwa kwenye lile duka la Kirumba, njia ya kwenda mwaloni. Jina lao silitaji, wateja wao watalijua. Duka lenyewe zuri, hilo sikatai: muvi zimejaa kuliko kote nilikopita Mwanza hii, flashi haigomi ukifika nyumbani, bei mia tano tu. Mimi ni mteja wao wa siku nyingi. Ndiyo maana imeniuma hivi.

Nilikwenda najua ninachokitaka: Fear, ya mwaka 1996, Mark Wahlberg na Reese Witherspoon wakiwa bado wabichi kabisa. Binti wa Seattle anaitwa Nicole, anampata David, kijana mtanashati, mpole, anaongea na wakubwa kwa adabu. Baba mtu ndiye anayeanza kunusa kitu. Niliiona zamani, na sijaona muvi nyingine inayoonyesha vizuri vile mtu hatari anavyoanza na utamu. Nikasema mtoto wa dada yangu, amemaliza shule juzijuzi na simu yake usiku haipumziki, lazima aione. Kiingereza cha kwenye muvi kinampita kasi, nikaomba iliyotafsiriwa, ile ambayo DJ anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya muvi.

Jamani.

Kuna pale David anamkuta Nicole amekumbatiana na Gary, rafiki yake tu wa kawaida. Gary anashushiwa kipigo, Nicole akijaribu kuamulia anasukumwa, anabaki na jicho limevilia damu. Hapo ndipo moyo unatakiwa ukulipuke. DJ wetu anashangilia! "Mpe huyo! Demu wa mtu haguswi! Kidume kimepagawa na penzi!" Kuhusu jicho la yule binti, hata neno moja. Akaunganisha na salamu kwa washkaji zake wa Igoma.

Hilo nikalimeza. Lakini baadaye, baba akishamgombeza, David anajipiga mwenyewe ngumi za kifua mpaka anapata alama, halafu anakwenda kumwambia Nicole kwamba baba yako ndiye kanifanya hivi. Uongo huo ndio unaomtenga binti na baba yake, usipouelewa hujaelewa kitu. Sasa sikia tafsiri: "Anajipiga kifua kwa uchungu, anampenda mtoto wa watu kufa!" Na alama zinapoonyeshwa: "Ona baba mtu alivyomharibu mwanaume wa watu." Mtoto akanigeukia, "Mama mdogo, huyu mzee ana roho mbaya, si awaache tu?"

Nikazima palepale.

Sina ugomvi na kutafsiri. Tumekulia kwenye mabanda ya video, tumemsikiliza Lufufu, mtafsiri wa muvi wa enzi hizo, alikuwa anachekesha na chumvi anaongeza, ila mimi nilikuwa natoka pale najua adui ni nani. Huyu wa sasa anampa adui maua.

Nikarudi dukani na flashi yangu. Kijana wa kaunta hata macho hakunyanyua. "Mayu, hiyo burudani. Ukitaka mahubiri nenda kanisani." Waliokuwepo wakacheka. Nikamuuliza, wewe una dada? Akaongeza sauti ya redio.

Mji huu huu mabinti wanalaghaiwa kwa lifti na chipsi, tunawaona. Sheria inampa miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi, sawa, lakini sheria inafika mtoto ameshaharibiwa. Kabla ya hapo anasikia nini? Anasikia kwamba wivu wa ngumi ndiyo mapenzi, kwa Kiswahili kitamu, kwa mia tano. Bodi ya Filamu ipo kukagua muvi na kuzipangia umri. Hii sauti iliyopachikwa juu yake nani kaikagua?

Mwenye duka, mzee mmoja mstaarabu, alisikia zogo akatoka nyuma. Akaniomba radhi, akaniwekea isiyotafsiriwa bila kuchukua hela. Nikaitafsiri mwenyewe sebuleni, nasimamisha, naeleza, naendelea. Tulipofika pale pa kifua mtoto alisimama kabisa: "Kumbe anajipiga mwenyewe! Muongo huyu!" Usiku ule tuliongea mambo ambayo hajawahi kunigusia, na sitayaandika hapa.

Kwa hiyo nilishaamua kuwaambia msikanyage pale, sasa kwa ajili ya yule mzee nashindwa. Lakini nimepita tena majuzi, kijana yuko palepale kaunta na ile ya DJ bado wanaiuza. Basi seasoni za Kikorea chukueni, hawana mpinzani. Za vijana na mapenzi ombeni isiyotafsiriwa, na mzee, kama unasoma, ifute ile. Mia tano ya kila mteja wako wa muvi hiyo niko tayari kukulipa mimi.