Global Fishing Watch: ramani ya nani anavua wapi

Nimeshika zamu nyingi za usiku kwenye daraja la meli za mizigo, kwa hiyo AIS naijua vizuri: kile kisanduku kinachotangaza jina la meli, ilipo, kasi na uelekeo wake, ili wengine wasije wakaigonga. Hakikuundwa kwa ajili ya kulinda samaki. Waliotengeneza ramani hii wamechukua matangazo hayohayo, yanayodakwa na satelaiti, wakaifundisha kompyuta kutambua mwendo wa meli inayovua. Anayekokota nyavu huenda polepole na kugeukageuka; anayemwaga mishipi mirefu ya jodari huchora njia ndefu kisha huirudia akikusanya. Baharia mzoefu angewatofautisha kwa macho, ila si bahari zote kwa pamoja.

Ramani ilifunguliwa kwa umma mwaka 2016 na Oceana, SkyTruth na Google. Kuitazama ni bure.

Ukiingia, nenda kwanza Visiwa vya Phoenix vya Kiribati, katikati ya Pasifiki. Washa mipaka ya hifadhi za bahari, halafu vuta kipimo cha muda hadi 2014: eneo limejaa alama za uvuvi. Sogeza mbele hadi Januari 2015. Tarehe 1 ya mwezi huo serikali ilipiga marufuku uvuvi wa kibiashara humo, na zaidi ya kilomita za mraba 400,000 zinabaki karibu tupu. Ni nadra kuona sheria ikitiiwa waziwazi hivi. Mimi lakini nilivutiwa zaidi na miezi ya kabla ya hapo. Watafiti waliochambua takwimu hizi walionyesha mwaka 2018 kwamba uvuvi ndani ya eneo hilo ulizidi mara mbili baada ya kujulikana kuwa litafungwa. Kila mwenye meli aliwahi kuchota chake. Mtunga sera anayetaka kutenga kipande cha bahari aitazame miezi hiyo kabla hajawaita waandishi wa habari, maana kati ya tangazo na katazo kuna mwanya, na samaki huishia hapo. (Mwaka 2021 Kiribati ilitangaza kulifungua tena eneo hilo, kwa hiyo bado linafaa kufuatiliwa.)

Kitu kingine ninachokipenda ni alama za meli kukutana. Meli mbili zikikaa ndani ya mita 500 kwa saa 2 au zaidi, mbali na bandari, zinawekewa alama. Huenda zinapeana mafuta. Huenda pia samaki wanahamishiwa kwenye meli ya majokofu ili wakifika bandarini pasijulikane walivuliwa wapi wala na nani. Ramani haikuamulii, inakupa jina na bendera, kuuliza maswali ni kazi ya ofisa wa uvuvi.

Sasa udhaifu wake. AIS huzimwa, na kuizima hakuhitaji ufundi wowote. Kanuni ya kimataifa inazibana meli za tani 300 na kuendelea zilizo katika safari za kimataifa, lakini vyombo vya uvuvi vinategemea sana sheria za nchi ya bendera yao, na sheria hizo hazilingani. Utafiti wa shirika lenyewe la Global Fishing Watch uliochapishwa 2024 ulikadiria kwamba takriban asilimia 75 ya meli kubwa za uvuvi duniani hazionekani kwenye mifumo ya wazi. Hivyo usione sehemu tupu ukadhani hakuna mtu. Washa tabaka la rada ya satelaiti: rada hupenya mawingu na giza, na chuma hukiona hata kisanduku kikiwa kimezimwa. Ila satelaiti hupita kwa vipindi, si muda wote.

Ninachokiogopa zaidi ni wenye mitumbwi na mashua. Ndio wengi kati ya wavuvi wa dunia, na hapa karibu hawaonekani kabisa. Mtu wa ofisini akichora hifadhi kwa kutazama skrini hii peke yake, atachagua maji “yasiyo na wavuvi”, kumbe ndipo watu wanapopata kitoweo. Kwa kufuatilia meli kubwa na hifadhi za bahari kuu naipa alama 9 kati ya 10. Kwa kupanga maji ya karibu na pwani, 3, na hizo ni kwa sharti kwamba umeshakaa na wavuvi wenyewe wakakuonyesha wanapotega.