Tintin: wa kitabuni au wa filamu?

Barazani kwetu Mkunazini hoja hii haiishi: Tintin, yule kijana mwandishi wa habari wa vitabu vya katuni, ananoga zaidi kitabuni au kwenye filamu? Mie nimekulia kwenye vitabu, basi nijueni mapema naegemea wapi.

Kwa gharama, filamu ya 2011 imeshinda. Mmoja akiwa nayo, nyumba nzima inatazama. Kitabu cha kurasa 62 huku kwetu ni cha kusakwa, na ukikipata bei yake haishikiki.

Kwenye kuufuata mchoro wa asili ndipo penye maneno. Mwongozaji wa filamu, Steven Spielberg, kachanganya visa vya vitabu vitatu, na wahusika wametengenezwa kwa kompyuta kutokana na miondoko ya waigizaji wa kweli. Hergé, mchoraji wa vitabu hivyo, alimchorea Tintin jicho la nukta moja tu. Kwenye filamu lina kope na linang'aa kama la mtu. Dakika za mwanzo nilimuona mgeni. Lakini pale sokoni, mchoraji alipomaliza picha na ikatokea sura ile ile ya kitabuni, nilipiga ukelele mpaka mke wangu akatoka jikoni na upawa mkononi. Na yale mafukuzano ya pikipiki, karatasi haiyawezi.

Utunzaji? Hewa ya bahari haina huruma: kitabu changu kimeota madoa ya ukungu, gundi imeachia. Ila umeme ukikatika, kitabu hakihitaji chaji.

Una watoto wasiokaa kitako na kitabu? Waanzishe na filamu. Wewe ni wa kuganda kwenye picha moja dakika tano? Tafuta kitabu, na changu usiniazime.