Duka la pembejeo Uyole: tathmini ya rafu ya mbegu baada ya misimu mitatu

Kwa misimu mitatu mfululizo nimenunua mbegu za mahindi na maharage katika duka moja la pembejeo lililopo Uyole, Mbeya, upande wa barabara inayopanda kuelekea Isyonje na Tukuyu, hatua chache kutoka njia panda ya barabara kuu ya Zambia. Nalima ekari tatu kule Inyala, na kila ifikapo Novemba, mvua za kwanza zikishagusa udongo, huwa miongoni mwa watu wanaosimama foleni mbele ya kaunta ile tangu saa moja asubuhi. Jina la duka sitaliandika, kwa sababu kasoro nitakayoieleza nimeikuta pia katika maduka mengine ya jirani, na si haki kumtwisha mtu mmoja mzigo wa wengi. Ninachotathmini hapa ni rafu yake ya mbegu: kilichopo, kinachokosekana, na sababu ya kukosekana kwake.

Nianze na huduma, kwa kuwa inastahili sifa. Mama mwenye duka hakuuzii mfuko kabla hajaugeuza mbele yako na kukuonyesha lebo ya TOSCI, yaani Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania. Hukupa sarafu uikwangue mwenyewe, namba zikitokea unazituma kwa simu, na mnasubiri pamoja ujumbe unaotaja aina ya mbegu na aliyeizalisha. Siku yenye foleni jambo hilo huchelewesha watu, na wapo wanaonung'unika, lakini mimi niliyewahi kupanda nusu ekari ya mbegu feki niliyonunua mnadani nikaambulia mashimo matupu, nasubiri kwa moyo mweupe. Mifuko yake imepangwa juu ya vichanja vya mbao, mbali na jua la dirishani na mbali na viuatilifu, ambavyo amevitenga chumba cha nyuma. Hafungui mfuko ili kupimia watu nusu kilo, hata ukimbembeleza, kwa sababu mbegu iliyofunguliwa haina tena anayeweza kuithibitisha. Risiti anatoa bila kuombwa, na aina ya mbegu anaiandika kwa jina lake kamili.

Swali linaloulizwa zaidi pale kaunta ni moja: kama mbegu ni GMO, yaani iliyobadilishwa vinasaba maabara. Novemba iliyopita mzee aliyekuwa mbele yangu aliinua mfuko wa kilo mbili, akautazama kwenye mwanga, akauliza, "Mwanangu, hii siyo GMO?" Mama alimjibu, "Hapana baba, hii ni chotara. GMO hapa nchini haiuzwi." Mzee hakuridhika. Alitaka kujua kwa nini basi punje zimepakwa rangi ya waridi, na mama akamweleza kwamba ile ni dawa ya kuzuia kuvu na wadudu wa ardhini, na kwamba kwa sababu hiyo mbegu inayobaki haipaswi kupelekwa mashine wala kupewa kuku.

Jibu la mama lilikuwa sahihi, na ningependa kila muuza pembejeo alijue hivyo. Chotara hupatikana kwa kuchavushanisha mimea ya wazazi waliochaguliwa, mmoja akiondolewa mbelewele ili asijichavushe mwenyewe. Hakuna kinasaba kinachotolewa katika kiumbe kingine na kuingizwa ndani yake maabara. Mahindi ya GMO yalifanyiwa majaribio nchini katika kituo cha Makutupora, Dodoma, kuanzia mwaka 2016, chini ya mradi wa WEMA uliolenga mahindi yanayovumilia ukame, na teknolojia yake ilitolewa na kampuni ya Monsanto bila kudai mrabaha. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio yasimamishwe na mabaki yateketezwe, na Januari 2021 waziri wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kusitishwa kwa majaribio ya GMO nchini. Majirani zetu wamekwenda njia nyingine: Kenya ilipiga marufuku mwaka 2012, ikaja kuiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na Afrika Kusini inalima mahindi ya aina hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kwa upande wangu, sina uadui na maabara. Nimeshinda shambani nikipiga dawa dhidi ya viwavijeshi vamizi, nikiufungua moyo wa mmea kwa vidole na kumkuta kiwavi amejificha katika unga wa kinyesi chake, na anayeniambia kuna mahindi yanayojilinda dhidi ya wadudu wa namna hiyo nitamsikiliza kwa makini. Kinachonizuia kushangilia ni suala la umiliki. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba mkulima wa Indiana aitwaye Bowman alikosea kuzalisha soya yenye hataza ya Monsanto, yaani haki ya mgunduzi inayozuia wengine kuizalisha bila ruhusa, kutokana na punje alizonunua ghalani, na punje zile zilikuwa zimeuzwa kama nafaka ya kawaida. Hukumu ile inahusu sheria za kwao, wala haimfikii mkulima wa Inyala. Hata hivyo inaonyesha mahali ambapo jambo hili linaweza kufika pale punje inapokuwa mali ya mtu hata baada ya kulipiwa.

Lakini hapa ndipo ninapoona kwamba swali la yule mzee, pamoja na uzito wake, linatuacha njiani. Chotara iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa tayari na kufuli, na kufuli hilo halihitaji mahakama. Msimu wa pili nilifanya jaribio dogo ili nijiridhishe. Nilichagua mahindi mazuri kutoka katika mavuno ya mbegu ya dukani, nikayatundika darini juu ya moshi wa jiko kama alivyokuwa akifanya mama yangu, na Novemba nikapanda mistari kumi ya punje hizo kando ya mistari kumi ya mfuko mpya, urefu uleule, mbolea ileile ya kupandia na ya kukuzia. Kufikia Februari ungeweza kuona tofauti ukiwa barabarani. Upande wa mfuko mpya mimea ilisimama sawasawa kama imekatwa kwa panga. Upande wa pili mmoja ulikuwa mrefu, mwingine ukinifikia kifuani, wengine wametoa ndevu wakati mbelewele za jirani zimeshakauka. Baada ya kupukuchua, mistari ya mbegu mpya ilitoa debe tisa, na ile ya mbegu niliyoitunza ilitoa debe sita. Hakuna aliyenikataza kurudia mbegu. Debe tatu zilizopotea ndizo zilizonirudisha dukani.

Hivyo mkulima wa chotara anarudi kila mwaka, na anaporudi yuko chini ya yeyote anayewatunza wazazi wa mbegu ile. Kama wazazi wako Uyole, kilomita chache kutoka kwenye kaunta hiyo, katika kituo cha TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, ambacho kimetuzalia UH615, UH6303 na aina nyingine zinazofaa nyanda zetu za juu, basi wazazi hao ni mali ya umma, na tunaweza kumuuliza mtafiti, mbunge na waziri. Kama wazazi wako katika ghala la kampuni ng'ambo, uamuzi wa kuendelea au kuacha aina fulani unafanywa na watu ambao hawajawahi kusikia jina la Inyala. Mwaka 2017 kampuni ya ChemChina iliinunua ile ya mbegu ya Syngenta, na Dow ikaungana na DuPont. Mwaka 2018 Bayer ikaimeza Monsanto. Kampuni zikiungana, orodha za aina hupunguzwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuzoea chotara moja ya nje, nikaijua tabia yake hadi siku ya kupukuchua, na msimu uliofuata haikuja tena wala hakuna aliyeweza kuniambia sababu.

Sasa niitazame rafu yenyewe. Ngazi tatu za juu, zinazolingana na macho ya mteja, zimejaa mifuko ya kampuni kubwa, na juu yake kuna kalenda na mabango yao. Mbegu za Uyole zimewekwa ngazi ya chini kabisa, karibu na mabomba ya kupigia dawa. Msimu uliopita zilikuwa katoni mbili, na kufikia wiki ya pili ya Novemba zilikuwa zimekwisha. Mbegu ya mahindi isiyo chotara, ambayo mkulima anaweza kuirudia misimu kadhaa akiichagua vizuri, kama vile TMV-1 au Staha, sikuikuta hata mara moja katika misimu yote mitatu. Ni kweli kwamba chotara huzishinda kwa mavuno, na kwa ubaridi wetu si kila aina ya namna hiyo inafaa. Lakini mjane mwenye robo ekari na asiye na fedha ya mfuko mpya kila mwaka alistahili kuikuta pale.

Nilidhani mama anapendelea, nikamuuliza siku ambayo duka lilikuwa tulivu. Alinivutia kiti, akanifungulia daftari. Mifuko ya ngazi za juu anaipokea kwa mali kauli: gari linaleta, anauza, analipa baada ya msimu, na isiyouzika inachukuliwa. Mifuko ya ngazi ya chini anatakiwa kuilipia taslimu kabla haijapakiwa, na ikibaki ni hasara yake, kwa kuwa mbegu ya mwaka jana haina soko. "Mdogo wangu," aliniambia, "fedha ya Septemba ninayo wapi, wakati nyie wenyewe mnanilipa mkishavuna?" Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu na mimi nilikuwa katika daftari lile, ukurasa wa kumi na tano. Tunabishana sana kuhusu vinasaba na sheria, na yote mawili yana uzito: tunayo Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inayodai mbegu inayouzwa iwe imethibitishwa, tunayo sheria ya mwaka 2012 ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na tangu 2015 nchi yetu ni mwanachama wa UPOV, umoja wa kimataifa unaolinda haki hizo. Ila mbegu atakayopanda mkulima wa Igurusi au Isyonje inaamuliwa mapema zaidi, na yule aliyeweza kumkopesha mwenye duka.

Kwenye maharage hali ni bora, na ningemshauri mtu yeyote afike pale kwa ajili hiyo pekee. Harage hujichavusha lenyewe, kwa hiyo ukinunua kilo chache za Uyole Njano au Uyole 96 zilizo safi unaweza kuzirudia kwa misimu kadhaa bila tabia yake kupotea, mradi uondoe mimea yenye ugonjwa mapema na uhifadhi mbali na fukusi. Nilinunua kilo nne msimu wa kwanza. Hadi leo sijarudi kununua nyingine, na mama analijua hilo, na bado kila mwaka huziagiza na kuziweka mahali zinapoonekana.

Bei za mahindi hazitofautiani na za maduka jirani, ingawa mfuko wa kilo mbili bado unanigharimu zaidi ya debe la mahindi wakati wa mavuno. Nenda kabla ya Novemba, nenda asubuhi, na usikubali kuchukua aina ya mbadala kabla hujauliza inakomaa kwa siku ngapi na inafaa mwinuko gani, kwa maana siku za foleni vijana wanaomsaidia mama huwa wepesi kukupa kilicho karibu na mkono.

Mwaka huu wakulima saba wa Inyala tumechanga fedha ya mauzo ya viazi na kumkabidhi mama mwezi Septemba, taslimu, kwa ajili ya mifuko arobaini ya UH6303. Ameandika majina yetu mwanzoni mwa daftari jipya, na mzigo unategemewa wiki ya mwisho ya Oktoba. Lebo tutazikwangua palepale kaunta, mfuko kwa mfuko.