Wakala wa Nairobi aliyetupeleka Chennai kupandikiza figo: tathmini ya huduma yake

Wakala ninayemtathmini ana ofisi Nairobi na huwapeleka wagonjwa katika hospitali za Chennai, kusini mwa India. Simtaji jina, kwa kuwa baadhi ya niliyoyaandika ni malalamiko ambayo hajapewa nafasi ya kuyajibu, na pia kwa sababu mawakala wengi wa aina hii hufanya kazi kwa utaratibu uleule. Familia yetu ilimtumia kwa ajili ya shemeji yangu, ambaye figo zake zilishindwa na ambaye dada yake alikubali kumpa figo moja ingawa makundi yao ya damu hayalingani. Upandikizaji wa figo hufanyika hapa Kenya, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na mgonjwa aliyepata mtoaji wa damu inayolingana hana sababu ya kukimbilia pasipoti kabla ya kuuliza huko. Sisi tulishauriwa kwenda nje kwa sababu ya tofauti hiyo ya damu, inayomlazimu daktari kuondoa kingamwili katika damu ya mgonjwa kabla ya upasuaji.

Sifa kubwa ya wakala huyu ni karatasi. Sheria ya India ya mwaka 1994 kuhusu upandikizaji wa viungo inakataza kabisa kuuza figo, na pale mtoaji au mpokeaji anapokuwa mgeni, hata kama ni ndugu wa tumbo moja, upasuaji haufanyiki mpaka kamati ya idhini ikubali. Ndugu wa karibu kwa mujibu wa sheria hiyo ni mume au mke, wazazi, watoto, kaka na dada, babu na bibi, pamoja na wajukuu. Binamu hayumo, wala shemeji, jambo ambalo limewarudisha nyumbani watu waliokwisha kuuza shamba. Wakala alitueleza hayo siku ya kwanza, akatuagiza tukusanye vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na picha za zamani za familia, na akatukumbusha kwamba ubalozi wa nchi yetu ndio unaothibitisha undugu huo kwa fomu maalumu. Wakala anayekwambia kwamba mtoaji atapatikana hukohuko Chennai anakualika kwenye uhalifu, na hapo ndipo mazungumzo yanapaswa kukoma.

Alifanya vizuri pia kwenye chanjo ya homa ya manjano. India humdai cheti msafiri anayetoka Kenya, chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kuwasili, na asiyekuwa nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Kisicholetwa mezani mara nyingi ni kwamba chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo haifai kupewa mtu aliyekwisha kuanza dawa za kushusha kinga ya mwili. Mgonjwa wa figo anapaswa kulizungumza na daktari wake mapema, kabla ya tiketi kukatwa, maana baada ya kupandikizwa mlango huo umefungwa.

Kwenye viza hakunifurahisha. Alitusukuma kuchukua viza ya matibabu ya mtandaoni kwa kuwa hutoka haraka, ilhali muda wake ni siku 60, na upandikizaji, pamoja na maandalizi, kikao cha kamati na uangalizi wa baadaye, unaweza kupita hapo. Muda unaweza kuongezwa kupitia ofisi ya uhamiaji inayoshughulikia wageni, FRRO, lakini kumwacha mgonjwa mwenye kidonda kibichi akifuatilia nyaraka si huduma. Kwa upasuaji wa aina hii, viza ya kawaida ya matibabu inayoombwa ubalozini ingetufaa zaidi.

Kuna suala la mkalimani, ambalo sitalipita haraka. Kamati humhoji mtoaji ili kujua kama amelipwa au ameshinikizwa, na mahojiano hayo hurekodiwa kwa video. Wifi yangu, ambaye ndiye mtoaji wetu, anazungumza Kiswahili na Kipokomo tu, na mkalimani aliyeletwa alikuwa mfanyakazi wa wakala, yaani mtu ambaye mkate wake unategemea jibu moja. Tulimkataa kwa adabu, tukaomba mkalimani wa hospitali, naye akapatikana bila ugomvi. Mtoaji ana haki ya kubadilisha nia hadi dakika ya mwisho, na haki hiyo haina maana kama maneno yake yanapitia mdomo wa mwenye biashara.

Kuhusu fedha, wakala hujitangaza kuwa huduma yake ni bure kwa mgonjwa. Nilipombana alikiri kwamba hospitali humlipa asilimia ya bili. Hilo linaeleza kwa nini alipendekeza hospitali moja tu, na kwa nini makadirio yake hayakuonyesha vipimo vya mtoaji, usafishaji damu wa kabla ya upasuaji, wala dawa za baada ya kuruhusiwa. Tuliomba makadirio mengine moja kwa moja kutoka hospitali mbili, tukahakiki ithibati zao katika tovuti za mashirika yenyewe yanayothibitisha ubora wa hospitali, NABH la India na JCI la kimataifa, badala ya kuamini vyeti vilivyotundikwa ukutani. Bima ya kawaida ya safari, kwa taarifa ya wanaoitegemea, hailipii matibabu uliyoyapanga kabla ya kuondoka.

Upande wa dawa alituachia wenyewe kabisa. Mgonjwa hurudi na tacrolimus, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo mpya, ambayo kiwango chake katika damu hupimwa mara kwa mara na ambayo haibadilishwi kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine bila daktari kujua. Tulinunua katika duka la dawa la hospitali, tukatunza risiti zenye nambari ya toleo na tarehe ya kuisha, tukabeba dawa zote katika mkoba wa mkononi zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa. Tramadol, ambayo wengi hupewa kwa maumivu, inadhibitiwa vikali katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa hiyo anayepitia Dubai na kutoka nje ya uwanja aombe kibali kwanza au aiache. Mgonjwa pia aambiwe kuhusu balungi, ambalo hupandisha kiwango cha tacrolimus. Kwetu Pwani tunda hilo linaonekana halina hatia yoyote.

Muhtasari wa matibabu tuliupata baada ya kuudai, na daktari wetu wa figo wa Mombasa aliutaka kabla ya kitu kingine chochote, pamoja na taarifa kwamba mgonjwa amelazwa ng'ambo, ili apimwe vijidudu sugu vya hospitalini. Wakala aliahidi mazungumzo ya video na daktari wa Chennai kila mwezi, hayakufanyika. Kilichotusaidia ni anwani ya baruapepe ya mratibu wa upandikizaji wa hospitali. Anayemtumia wakala huyu aiombe siku ya kulazwa, kwa sababu bili ya mwisho ikishalipwa, simu ya ofisi ya Nairobi hupokewa kwa nadra.