Miaka minne na intaneti yao ya nyumbani hapa Columbus: kasi safi, lakini faragha hakuna

Nianze na mazuri, maana yapo. Nina mwaka wa nne na kampuni hii ya intaneti hapa Columbus, Ohio, na intaneti yao ni ya uhakika. Kifurushi changu ni cha megabiti 300 kwa sekunde na kweli zinafika. Mume wangu anafanyia kazi nyumbani, watoto wawili wana masomo na katuni zao, mimi napiga simu ya video kwa mama Temeke karibu kila siku, na haikwami. Mtandao umewahi kukatika mara mbili tu, na mara zote fundi alifika siku hiyo hiyo. Bili ni dola 75 kwa mwezi. Mwaka jana ningewapa nyota 5 bila kufikiria.

Leo nawapa 2, na naomba msome sababu hadi mwisho, hasa nyie mliohamia Marekani karibuni na mlisaini mkataba wa intaneti haraka haraka ili mpate kuongea na nyumbani.

Mwezi wa nane mama aligundulika ana saratani ya titi, akaanza matibabu hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mimi nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Nikirudi asubuhi, kabla sijalala, nakaa jikoni na simu yangu nasoma: hatua za ugonjwa, dawa zinavyofanya kazi, mtu wa umri wa mama anavumilia vipi. Watoto hatukuwaambia. Mimi na baba yao tulikubaliana tusubiri majibu ya vipimo vya pili, kisha tuwakalishe tuwaeleze taratibu, kwa sababu bibi yao wanampenda mno.

Baada ya kama wiki tatu, binti yangu wa miaka 11 alinifuata chumbani na tableti yake. Anacheza gemu moja ya kupanga matunda, na kila akimaliza hatua linatokea tangazo. Lililokuwepo lilikuwa la hospitali ya saratani, mwanamke amefunga kitambaa kichwani. Lililofuata lilikuwa la mawigi. Akaniuliza, "Mama, wewe unaumwa?" Kumbe alikuwa ameyaona siku nne mfululizo akanyamaza, akawa ananichungulia nikichana nywele.

Jioni ile ikabidi tuwaambie habari za bibi. Haikuwa siku tuliyoichagua, wala hatukuwa na majibu ya kuwapa.

Niwe mkweli: sina ushahidi kwamba matangazo yale yalitokana na kampuni yangu ya intaneti. Gemu za bure zinafuatilia, mitandao ya kijamii inafuatilia, na wafanyabiashara wa matangazo wana njia ya kuunganisha vifaa vya nyumba moja kwa kuangalia tu kwamba vinatoka kwenye anwani moja ya IP, yaani namba inayoitambulisha nyumba kwenye mtandao. Lakini tableti ile ina akaunti yake, barua pepe yangu haimo wala namba yangu ya simu haimo. Kitu pekee kilichotuunganisha mimi na mwanangu ni ruta iliyopo sebuleni. Ndipo nikaamua kuusoma ule mkataba kwa mara ya kwanza.

Niliyoyakuta ni maneno yao wenyewe. Ukiingia kwenye akaunti yako, ukaenda kwenye wasifu, kisha faragha, kisha ukashuka chini kabisa, kuna mpango wa matangazo. Wanaeleza kwamba wanaweza kutumia taarifa za tovuti unazotembelea, programu unazotumia na eneo unaloishi ili wakuweke kwenye makundi ya wateja na wakuonyeshe matangazo yao na ya biashara nyingine. Pembeni kuna swichi ya kijani. Ilikuwa imewashwa. Mimi sikuwahi kuigusa, na kwa jinsi ilivyofichwa, sidhani kama kuna mteja anayeifikia kwa bahati.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa na adabu sana, na lawama zangu si kwake. Akanieleza kwamba mpango ule unanisaidia nione matangazo yanayonifaa. Nikamuuliza swali moja: nikizima, mnaacha kukusanya taarifa zangu, au mnaacha tu kunionyesha matangazo? Akaniweka kwenye muziki dakika kumi na kitu. Aliporudi akasema wataacha kuzitumia kwa matangazo. Nikarudia swali. Akarudia jibu.

Mtu ataniambia siku hizi kila tovuti ina alama ya kufuli, hakuna anayeona. Si hivyo. Kufuli linaficha unachosoma ndani ya tovuti, halifichi jina la tovuti yenyewe. Simu yako inapotaka kufungua tovuti, kwanza inauliza anwani yake kupitia DNS, yaani kitabu cha anwani cha intaneti, na kwa kawaida anayeulizwa ni kampuni yako ya intaneti. Hata mlango ukishafunguka, jina la tovuti mara nyingi hutajwa wazi mwanzoni mwa mazungumzo. Ni kama konda wa daladala. Haingii nyumbani kwako, hajui mnaongea nini. Lakini anajua ulipanda wapi, saa ngapi, na umeshukia wapi. Ukishuka hospitali ya Muhimbili kila asubuhi wiki tatu mfululizo, hahitaji kuambiwa kwamba una mgonjwa. Na huyu konda wetu anabeba nyumba nzima, baba, mama na watoto, saa 24. Tovuti moja ukiikasirikia unaihama. Njia ya intaneti utaihamia wapi, wakati mitaa mingi hapa ina kampuni moja au mbili tu zenye kasi ya maana?

Nilidhani hili ni kosa la kampuni moja yenye tamaa, kumbe ndivyo nchi ilivyoamua. Mwaka 2016 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliitoza kampuni ya simu ya Verizon faini ya dola 1,350,000 kwa sababu tangu 2012 ilikuwa inabandika namba ya utambulisho kwenye mawasiliano ya wateja wake wa simu, namba ambayo hata ukifuta kuki zote (vile vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye kifaa chako ili zikutambue) inabaki. Oktoba mwaka huo huo FCC ikapitisha kanuni: kampuni ya intaneti ikitaka kutumia historia yako ya kuperuzi, ikuombe ridhaa kwanza. Machi 2017 Bunge likaifuta kanuni ile, Baraza la Wawakilishi kwa kura 215 dhidi ya 205, na Rais Trump akasaini Aprili. Ndiyo maana swichi yangu ilikuwa ya kijani bila mtu kuniuliza. Na AT&T, kampuni nyingine kubwa, kwenye huduma yake ya intaneti ya GigaPower, iliwahi kutoza kama dola 29 zaidi kwa mwezi kwa mteja asiyetaka kufuatiliwa, mpaka 2016 ilipoacha. Dola 29 ni karibu saa mbili za kumwosha na kumgeuza mzee kitandani kwa mshahara wangu.

Nina rafiki yangu, Mkongomani wa Bukavu, anaishi Portland, Maine. Nikamwomba afungue akaunti yake tukiwa kwenye simu. Ya kwake imezimwa. Jimbo la Maine lina sheria yake tangu Julai 1, 2020: kampuni lazima ikuombe ruhusa kwanza, na hairuhusiwi kukunyima huduma au kukuongezea bei ukikataa. Wote tunalipa bili, wote tuna watoto, yeye aliombwa na mimi sikuombwa. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Sasa nilichofanya, kwa wenye kampuni yoyote ile. Swichi ya nyumbani nimeizima. Halafu nikagundua laini zetu mbili za simu, ambazo ni za kampuni hiyo hiyo, kila moja ina swichi yake peke yake, nazo zilikuwa zimewashwa. Kwa hiyo msizime moja mkalala. Kwenye ruta yao sikuweza kubadilisha DNS, imefungwa, hivyo nimebadilisha kifaa kwa kifaa. Simu ya Android ina sehemu ya DNS ya faragha kwenye mipangilio ya mtandao, ukiandika dns.quad9.net, ambayo ni huduma nyingine ya DNS isiyo ya kampuni yako, inatosha, hulipi kitu, na maswali ya anwani yanasafiri yamefungwa. Kivinjari cha Firefox nacho kina mpangilio wa namna hiyo. Hii haizibi kila tundu, kwa sababu ya lile jina linalotajwa mlangoni. VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako yote kwenye kompyuta zake yakiwa yamefungwa, inaziba zaidi, ila hapo umebadilisha konda tu: mwenye VPN ndiye atakayeona vituo vyako, na zile za bure mimi siziamini hata kidogo.

Matangazo ya saratani kwenye tableti ya mtoto yamepungua, kisha yamekwisha. Kama ni kwa sababu ya swichi au kwa sababu nyingine, siwezi kuapa.

Kuna jambo moja wanaosoma hapa wanapaswa kulijua kabla hawajajiunga. Mwezi wa kumi na moja nilipandisha kifurushi, kwa kuwa kasi yao, narudia, ni nzuri. Wiki ile ile nikapata wazo la kuingia kwenye akaunti kuangalia. Swichi ya nyumbani ilikuwa imerudi kijani. Nikapiga tena, nikaambiwa kifurushi kipya kinaanza na mipangilio mipya. Nikaizima tena, nikaipiga picha ikiwa na tarehe. Tangu hapo kila tarehe mosi naingia naangalia zote tatu, na binti yangu ananikumbusha. Jana ilikuwa tarehe mosi. Zilikuwa zimezimwa.