Kebo ya klachi ya 914: eti mguu wangu ndio mzito

Naanza na nyota moja, na hiyo moja ni ya yule mwanagenzi wa kike aliyeninong'oneza ukweli getini. Gereji yenyewe, iliyonibadilishia kebo, haipati kitu. Anayetaka kujua gari lina nguvu za farasi wangapi akatafute kwingine, hayo yamejaa kila mahali. Mimi nina la kebo, la puli na la mdomo wa mtu.

Gari langu ni Porsche 914 ya lita mbili, ya mwaka 1974. Naishi Hamburg, nafanya kazi bandarini, na hili gari ndilo kosa pekee la fedha nililofanya kwa raha. Wajerumani wa makamo huliita VoPo, kifupi cha Volksporsche, na wakilitaja hutabasamu upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayemsifu shemeji asiyempenda. Sababu wanaijua wenyewe: Porsche na Volkswagen walilizaa pamoja, na bodi zikitoka kwa Karmann kule Osnabrück. Kwa hiyo hata leo kuna watu wakiliona wanakutazama kama umevaa saa ya bandia.

Basi siku hiyo, majira ya kuchipua, sikumbuki mwezi, narudi kutoka zamu ya usiku juu ya Köhlbrandbrücke. Anayelijua daraja lile anajua lilivyo mlima, na asubuhi lina foleni ya malori ya makontena mwanzo mwisho. Nakanyaga klachi nisimame, nasikia "tik!", halafu pedeli ikalala sakafuni kama mguu wa maiti. Gari likaruka, likazima. Nyuma yangu lori limesimama karibu hivi kwamba kwenye kioo naona nembo yake tu, na honi yake ni ya meli.

Kilichoniokoa ni ujanja wa zamani: utie gia ya kwanza, uwashe ikiwa ndani ya gia, stata yenyewe isukume gari mpaka injini ishike. Ikashika. Nikateremka ng'ambo kwa gia moja hiyohiyo hadi Wilhelmsburg, jasho linanitoka na nje kuna baridi.

Kwa asiyewahi kulala chini ya gari hili: pedeli iko mbele, giaboksi iko nyuma kabisa, hata injini imeipita. Kinachounganisha ni waya mmoja wa chuma uliosukwa, unaopita ndani ya bomba jembamba lililofichwa kwenye ule mgongo ulioinuka kati ya viti. Ukitokeza nyuma unazunguka puli iliyofungwa kwenye giaboksi, kisha ndio unauvuta mkono wa klachi. Puli hiyo ni kigurudumu kidogo tu, na kila ukikanyaga kinajigeuza kidogo, hakifiki hata robo ya mzunguko. Katikati yake kuna bushi, kile kipete ambacho puli huzungukia. Bushi ikikauka au ikaliwa, puli inaganda au inalala upande. Hapo kebo haiviringiki tena, inasugua. Nyuzi zinakatika mmoja mmoja, wewe huku mbele husikii kitu, mpaka siku unasikia "tik" juu ya daraja.

Nikalipeleka gereji moja ya magari ya kale, jina silitaji. Wakabadilisha kebo, wakanipa bili ya kunitoa machozi, nikaondoka nikishukuru. Nadhani haikupita miezi miwili. Pedeli ikaanza kuwa ngumu, gia ya kwanza inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na nikichungulia nyuma naona nyuzi zimeshaanza kusimama kama nywele, palepale kwenye puli.

Nikarudi. Sikurudi kwa ugomvi, wallahi. Nikamwambia mwenye gereji, mzee wa kama sitini na kitu, kebo mpya inachanika. Hakutoka nyuma ya meza. Hakushika tochi. Akainamisha macho akatazama viatu vyangu, buti za kazi zenye chuma puani maana nilitoka zamu, akanitazama usoni, akasema: "Mguu wako mzito." Nikadhani utani. Akaendelea kwamba gari hili linataka mguu wa kistaarabu, na kwamba sisi tumezoea kukanyaga. Sisi! Sikumuuliza sisi ni nani. Nilibaki nimesimama na ufunguo mkononi kama mtoto aliyetumwa duka akasahau alichotumwa.

Sijui kama wengine mnakuwa hivi, lakini mimi jibu hunijia nikishafika nyumbani. Nimeendesha Peugeot 504 za Mombasa tangu sijafika miaka ishirini, zile zilizobeba abiria tisa na mbuzi, na sijawahi kuharibu klachi ya mtu. Ningemwambia hivyo. Sikumwambia. Badala yake nililipa kebo ya pili. Ndiyo, nililipa.

Nilipokuwa natoka, yule mwanagenzi, binti wa miaka kumi na tisa hivi, akanifuata hadi getini akijifanya anafagia. Akasema kwa sauti ya chini: "Puli hawakuigusa. Ni ileile." Akarudi na fagio lake. Mzee mzima amenifundisha ustaarabu wa mguu, kumbe kigurudumu chenyewe hakijawahi hata kufunguliwa!

Wikendi ile nikainua nyuma kwa jeki, nikaweka stendi (usijaribu kulala chini ya jeki peke yake, hata kama una haraka), nikaishika puli kwa vidole viwili. Haikuzunguka. Nikaivuta upande, ikacheza kama jino la mtoto. Bushi ilikuwa imeliwa hadi tundu limekuwa na umbo la yai. Nikaagiza puli nyingine, ile yenye beringi badala ya bushi, na nikaifunga mwenyewe pamoja na kebo ile ya pili. Kazi si kubwa. Kubwa ni kuvumilia uchafu unaokudondokea machoni, na kule mbele kukitoa kile kibao cha mbao chini ya miguu ili uufikie uma unaoshika pedeli. Na jambo moja ambalo nilijifunza kwa kuharibu: unapokaza nati ya kurekebishia kule nyuma, ishike ncha ya kebo kwa koleo isizunguke. Ukiiacha ijisokote, umeshaanza kuichana kabla hujaenda popote. Acha pedeli iwe na nafasi ya kama sentimita mbili kabla haijaanza kusukuma, kisha funga lokinati, ile nati ya pili inayozuia ya kwanza isilegee.

Nikaendesha siku tatu kama mfalme. Nilikuwa tayari kuandika hapa kwamba puli ya beringi ni nyota tano na yule mzee ni sifuri, tumalize.

Siku ya nne gia ya kwanza ikalia tena.

Nikarekebisha. Kesho yake nafasi ya pedeli imeongezeka tena. Nikakaza. Ikaongezeka. Nikafika mahali nati haina uzi wa kukazia, na hasira zote nikazihamishia kwenye kebo: kumbe ni mbovu, inavutika kama mpira, wameniuzia takataka. Niliandika maneno makali sana kuhusu kebo ile, bahati nzuri sikuyatuma.

Usiku huo nikampigia ami yangu Mombasa. Ami alitengeneza Volkswagen zile za mgongo wa kobe tangu mimi sijazaliwa, na kebo ya klachi ya kobe, yenye ile nati ya masikio nyuma, anaifunga amefumba macho. Nikamwamkia, akaitika marahaba, nikamwaga malalamiko yote, na la viatu pia. Akaninyamazia mpaka nikaishiwa. Kisha akasema: "Mwanangu, mwambie mtu akanyage pedeli. Wewe lala nyuma, utazame mdomo wa bomba pale linapotokea. Bomba likicheza, kebo haina kesi."

Asubuhi nikamkalisha binti yangu kwenye kiti cha dereva. Yuko darasa la sita, ni mwembamba kama fimbo ya bakora, na alikuwa amevaa kandambili. Nikamwambia akanyage polepole. Bomba likaruka mbele kama ulimi wa mjusi, karibu upana wa kidole. Akaachia, likarudi. "Tena, baba?" Tena, mama. Likaruka tena.

Mguu mzito, huo hapo! Kandambili!

Ugonjwa wenyewe, nimekuja kujua, ni wa kawaida kwa magari haya: bomba limechomelewa ndani ya ule mgongo, na baada ya miaka vishikizo vinaachia. Tangu hapo unapokanyaga, nguvu zako zinakwenda kulivuta bomba badala ya kuvuta klachi. Unaweza kubadilisha kebo kila wiki na kukaza nati mpaka Kiyama. Ami anasema huenda ni ile puli iliyoganda iliyolisulubu bomba mpaka likang'oka. Inawezekana. Miaka hamsini nayo si mchezo.

Mchomeleaji niliyempata Harburg alikata kidirisha kwenye mgongo ule, akalirudisha bomba mahali pake na kulichomelea. Kabla hajawasha kitu aliniuliza swali moja ambalo kwa hilo tu nampa nyota zote: "Mipira ya mafuta umeitoa?" Maana kwenye gari hili petroli iko mbele na injini iko nyuma, na mipira ya mafuta inapita ndani ya mgongo huohuo, jirani na bomba la klachi. Ya asili ni ya plastiki. Iliyotoka kwenye langu ilivunjika mkononi kama biskuti. Tukaweka mipya kabla ya safari ya kwanza. Nikifikiria cheche ingeangukia wapi, mate yananikauka hadi sasa.

Sasa tuhukumu. Kebo naiomba radhi, ilikuwa nzima na bado ipo garini. Gereji, kwa puli, hawana pa kujitetea, wamekula pesa ya kazi ambayo hawakuifanya. Kwa bomba sina hakika. Mtu akiletewa gari lenye kebo iliyokatika hawezi kukimbilia kukata sakafu, na hata mimi sikulijua bomba mpaka nilipoambiwa na mtu aliye kilomita elfu kadhaa. Kuna usiku nilikaribia kumsamehe yule mzee na kumpandisha hadi nyota mbili. Asubuhi nikavaa buti zangu niende kazini, nikamkumbuka alivyozitazama, nikamnyang'anya nyota zake.

Juzi nilipita tena pale kwake. Msinicheke: nataka kebo ya akiba ya kuweka nyuma ya kiti, na mjini hapa yeye ndiye anayekuwa nayo bila kuagiza. Nilikuwa nimekariri maneno yangu yote njiani, la puli, la kandambili na la sisi. Akainua kichwa, akanitambua. "Ya VW-Porsche?" akauliza, akilitia uzito lile VW.

Nikasema ndiyo. Nikalipa. Yule binti alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana. Mmoja ukanipungia.